Tovuti inakusahau, inakuzungusha au inakukataa: jinsi ya kutafuta kosa kwenye vidakuzi

Tovuti ikigoma, ushauri wa kwanza utakaopewa ni ule ule: futa vidakuzi. Kuna siku unasaidia. Siku nyingine unakutoa kwenye akaunti zako zote kwa mpigo na tatizo linabaki pale pale, kwa sababu kidakuzi unachodhani kimeharibika hakikuwahi hata kuhifadhiwa. Utafutaje kisichokuwepo?

Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, hukipa kivinjari chako, nacho huyarudisha kila kinapoomba ukurasa mwingine kwenye seva hiyo. Lou Montulli ndiye aliyevibuni mwaka 1994 akiwa Netscape, kwa kuwa HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, haina kumbukumbu: kila ombi hufika kwenye seva kama la mtu asiyejulikana, hata kama sekunde chache zilizopita aliingiza nenosiri lake. Kidakuzi ndicho kinachomtambulisha kuwa ni yule yule. Kwa hiyo panapotokea hitilafu, huwa ni moja kati ya hizi nne: kidakuzi hakikuhifadhiwa, kilihifadhiwa kikafutwa, kipo lakini kivinjari hakikitumi, au kinatumwa lakini seva haikikubali tena. Kufuta vidakuzi kunatibu hiyo ya nne tu. Ndiyo maana tunaanza na dalili.

Jaribio la kufanya kabla ya kugusa mipangilio

Fungua dirisha la faragha (katika Chrome huitwa dirisha fiche) kisha ingia kwenye tovuti inayosumbua. Dirisha hilo huanza bila kidakuzi hata kimoja, na katika Chrome viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) navyo huzimwa humo isipokuwa vile ulivyoviruhusu mwenyewe. Tovuti ikifanya kazi humo, basi kosa liko kwenye vidakuzi vya zamani au kwenye kiendelezi. Ikigoma humo pia, kufuta vidakuzi hakutasaidia kitu. Tafuta kwenye mipangilio, kwenye saa ya kifaa, au kwenye tovuti yenyewe.

Jaribio hili lina mtego mmoja. Dirisha fiche la Chrome huzuia vidakuzi vya washirika wengine, yaani vile vinavyotoka kwenye anwani tofauti na hiyo unayoiona juu ya ukurasa. Kama kilichogoma ni kitu kilichopachikwa ndani ya ukurasa, mfano video, sehemu ya maoni au kitufe cha kuingia kwa akaunti ya kampuni nyingine, kushindwa kwake ndani ya dirisha fiche hakuthibitishi lolote. Hapo jaribu kivinjari kingine kabisa kwenye kifaa hicho hicho.

Unaingiza nenosiri, ukurasa wa kuingia unarudi vile vile

Tazama kama kuna onyo. Nenosiri likiwa na kosa, tovuti hulalamika kwa maandishi mekundu. Ikikurudisha kimya kimya, bila neno, mara nyingi nenosiri limekubaliwa ila kidakuzi kilichotolewa baada ya hapo hakikushika. Seva imekutambua, ukafungua ukurasa wa pili mikono mitupu, ikakurudisha mlangoni.

Anza na mipangilio. Katika Chrome, bofya alama iliyo kushoto kwa anwani ya tovuti, kisha sehemu ya vidakuzi na data ya tovuti. Hapo utaona kama tovuti hiyo imezuiwa. Chrome ina sehemu mbili zinazochanganya watu: moja inahusu vidakuzi vya washirika wengine, nyingine inahusu ruhusa ya tovuti kuhifadhi data kwenye kifaa chako. Hii ya pili ndiyo yenye nguvu ya kukufungia nje, nayo utaifikia haraka ukiandika chrome://settings/content/siteData kwenye upau wa anwani. Katika Firefox andika about:preferences#privacy, uangalie kwanza kiwango cha ulinzi dhidi ya ufuatiliaji, kisha orodha ya tovuti zenye ruhusa maalumu. Ni rahisi kuzuia tovuti humo na kusahau kabisa. Safari ina kitufe kimoja cha kuzuia vidakuzi vyote. Kwenye iPhone kimo ndani ya mipangilio ya simu, sehemu ya Safari, chini kabisa kwenye mambo ya kina. Kikiwashwa, karibu kila tovuti yenye akaunti itagoma, na mtu ataishia kuzilaumu tovuti.

Kama mipangilio iko sawa, zima viendelezi vyote, jaribu, kisha viwashe kimoja kimoja. Washukiwa wakubwa ni vinavyozuia matangazo, vinavyofunga mabango ya vidakuzi kwa niaba yako, na vinavyofuta vidakuzi mara tu unapofunga kichupo. Hivi vya mwisho hufanya kazi yao vizuri mno: tovuti ikifungua kichupo cha pili ili uingie, kikafungwa, kiendelezi kinafagia kila kitu kabla hujarudi kwenye kichupo cha kwanza.

Angalia na nafasi kwenye diski. Kivinjari huandika vidakuzi kwenye faili (Firefox, kwa mfano, hutumia cookies.sqlite ndani ya folda ya wasifu wako), na diski ikijaa pomoni kuandika kunashindikana bila onyo lolote la maana.

Kama bado, chimba zaidi. Kwenye kompyuta, katika Chrome au Firefox, bonyeza F12 zifunguke zana za wasanidi, fungua sehemu ya mtandao, kisha ingia kwenye tovuti kama kawaida. Tafuta jibu la ombi lile la kuingia na usome mstari unaofanana na huu:

Set-Cookie: kipindi=8f3a71c2; Path=/; Secure; HttpOnly; SameSite=Lax; Max-Age=3600

Mstari huo una karibu majibu yote. Secure inamaanisha kidakuzi hakitatumwa kamwe kwenye anwani inayoanza na http bila s. Ukiwa umehifadhi alamisho ya zamani ya http, na tovuti haikuhamishi yenyewe kwenda https, utaonekana mgeni kila mara. Max-Age ni uhai wake kwa sekunde, hapa saa moja. Kukiwa hakuna Domain, kidakuzi ni cha anwani hiyo tu: ukiingia kwenye www.example.com kisha ukafungua example.com, hujulikani. Na Chrome ikikataa kidakuzi, huweka alama ya onyo ya manjano kandoni mwake. Ukiisogelea kwa kishale inakuambia sababu. Mstari wenyewe usipokuwepo kabisa, seva haikutoa kidakuzi, na hakuna mpangilio wa upande wako utakaorekebisha hilo.

Kivinjari kinasema umeelekezwa mara nyingi mno

Katika Chrome utaona ERR_TOO_MANY_REDIRECTS. Ukurasa A unakupeleka ukurasa B ili utambuliwe, B unaona umeshatambuliwa unakurudisha A, A hauoni kitu unakurusha tena B. Chrome huchoka baada ya kuelekezwa mara 20. Firefox hutamka wazi kwenye ukurasa wake wa hitilafu kwamba kuzima au kukataa vidakuzi kunaweza kuwa chanzo.

Hapa ndipo kufuta kunapofaa kweli. Kwa kawaida una vidakuzi viwili vinavyopingana: kimoja cha zamani kinachodai umeingia, kingine kipya kinachosema hujaingia. Futa vya tovuti hiyo peke yake, na kama tovuti hutumia anwani nyingine ya kuingilia (tuseme akaunti.example.com), futa na vya huko. Ukifuta vya upande mmoja tu, mzunguko unaendelea. Ukifuta vyote viwili na bado unazungushwa, waachie wenye tovuti. Yaelekea wamegonganisha kanuni za http na https kwenye seva yao.

Kila ukifungua kivinjari, akaunti zote zimekusahau

Uliza kwanza: zote, au moja?

Zikiwa zote, kuna kinachofagia. Huenda ni mpangilio wa kufuta data unapofunga madirisha (Chrome, Edge na Firefox zote wanao), huenda umeiweka Firefox isikumbuke historia kamwe, ambako ni sawasawa na kutumia dirisha la faragha siku zote, au ni programu ya kusafisha kompyuta inayojiendesha yenyewe kila unapowasha. Programu hizo za usafi huleta mkanganyiko mkubwa kwa sababu hukai ukaikumbuka uliyoiweka miezi kadhaa iliyopita. Kwenye kompyuta ya kazini fungua chrome://policy. Ukikuta kanuni inayohusu vidakuzi imewekwa na msimamizi, huna cha kubadilisha isipokuwa kuzungumza naye. Saa nayo iangalie. Ikiruka mbele kwa miaka kadhaa, kivinjari kitahesabu kuwa muda wa vidakuzi vyako umekwisha na kuviondoa, na kabla ya hapo utakuwa umeona maonyo ya usalama kila kona kwa kuwa vyeti vya tovuti navyo vitaonekana vimepitwa.

Ikiwa ni tovuti moja, inawezekana haina shida. Kidakuzi kisichowekewa muda hufa kivinjari kinapofungwa, na tovuti zinazoshika fedha au rekodi za afya hufanya hivyo kwa makusudi. Kile kisanduku cha kukukumbuka, ambacho wengi hukipita bila kukitazama, kazi yake ni kukipa kidakuzi umri. Kuna na kioja hapa: ukiwa umeagiza kivinjari kiendelee pale ulipoishia kila kinapofunguliwa, Chrome na Firefox hufufua hata vidakuzi hivyo vya muda. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kutumia tovuti moja, mmoja akatolewa kila siku na mwingine akabaki ndani.

Watumiaji wa Safari wana lao. Tangu 2019 Safari imeweka ukomo wa siku 7 kwa vidakuzi vilivyoandikwa na JavaScript ndani ya ukurasa. Vile vinavyotoka kwenye seva havikuguswa na kanuni hiyo. Kama tovuti inasahau lugha uliyochagua kila baada ya wiki kwenye iPhone lakini inakumbuka kwenye Chrome ya kompyuta, sababu unayo. Chrome nayo ina ukomo wake, siku 400, tangu 2022. Huo ni mara chache uonje makali yake, kwa sababu tovuti nyingi huongeza muda kila unapozitembelea.

Unatolewa katikati ya kazi

Tovuti nyingi huhesabu dakika za ukimya. Ukiandika fomu ndefu bila kubofya chochote, seva haijui kama upo. Unapowasilisha, unaambiwa ukurasa umeisha muda. Nakili maandishi yako kwanza, ndipo upakie ukurasa upya. Kufungua fomu ile ile kwenye vichupo viwili pia huleta hili, kwa sababu kichupo cha pili kinaweza kubadilisha alama ya usalama ambayo kile cha kwanza bado kinaitegemea.

Ukitolewa kila unapohama kutoka Wi-Fi kwenda data ya simu, au VPN inapobadilisha seva, basi tovuti imekifungamanisha kipindi chako (ule muda unaohesabiwa kuwa umeingia) na anwani ya IP, yaani namba ya mtandao unaoutumia. Kidakuzi ni kizima. Kinakataliwa kwa kuwa kimetokea mahali pengine. Tulia kwenye mtandao mmoja hadi umalize.

Hitilafu ya 400, ombi kubwa mno

Ukurasa mweupe, maandishi machache, na maelezo kwamba kichwa cha ombi (maelezo yanayotangulia ombi, vidakuzi vikiwamo) au kidakuzi ni kikubwa kupita kiasi. Kila kidakuzi kinaweza kufikia takriban baiti 4096, na tovuti inaweza kuwa navyo kwa makumi, huku seva nyingi zikikubali kichwa cha takriban kilobaiti 8 tu. Tovuti inaendelea kuongeza, siku moja inashindwa kupokea mzigo ilioufunga yenyewe. Futa vidakuzi vya tovuti hiyo. Hitilafu ikirudi baada ya wiki, ni kosa lao, waandikie.

Kilichopachikwa hakionekani au hakikutambui

Video inakutaka uingie ilhali umeshaingia, sehemu ya maoni ni tupu, dirisha la malipo ndani ya ukurasa linazunguka bila mwisho. Hapa karibu kila mara ni vidakuzi vya washirika wengine. Safari ilivizuia vyote Machi 2020. Firefox tangu 2022 humpa kila mshirika chupa yake kwa kila tovuti, hivyo kidakuzi alichokiweka kwenye tovuti moja hakionekani kwenye nyingine. Google ilitangaza Januari 2020 kwamba Chrome ingeviondoa, ikaahirisha zaidi ya mara moja, kisha Julai 2024 ikabadili msimamo. Hivyo katika Chrome ya kawaida bado vinaruhusiwa usipovizuia mwenyewe.

Dawa ni kuruhusu kwa tovuti hiyo moja. Katika Firefox bofya ngao iliyo kando ya anwani uzime ulinzi kwa tovuti hiyo. Katika Chrome vidakuzi vikiwa vimezuiwa, alama ya jicho hujitokeza kwenye upau wa anwani. Usifungue mlango kwa dunia nzima kwa ajili ya video moja. Vidakuzi hivyo ndivyo vinavyotumika kukufuatilia kutoka tovuti hadi tovuti, na kuvizuia kwa jumla ni uamuzi ninaouunga mkono.

Umerudi kutoka kwenye malipo, kikapu ni kitupu

Umechagua bidhaa, umepelekwa kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, umelipa, umerudishwa dukani na duka halikujui. Dalili hii inawatia watu hofu kuliko nyingine zote, na chanzo chake ni SameSite, ile sifa ya kidakuzi inayoamua kama kitatumwa ombi linapotokea tovuti nyingine. Tangu Chrome 80 ya Februari 2020, kidakuzi kisichotaja SameSite huhesabiwa kuwa Lax: hakitumwi fomu inapowasilishwa kutoka tovuti nyingine. Kampuni ya malipo ikikurudisha kwa njia ya fomu, kidakuzi chako kinabaki nyuma. Chrome iliweka na msamaha kwa vidakuzi vyenye umri usiozidi dakika 2, na huo ndio unaofanya kosa lionekane kama bahati nasibu: anayelipa haraka anarudi salama, anayetafuta kadi yake mfukoni anarudi akiwa mgeni.

Usilipe tena. Andika anwani ya duka upya, ingia, tazama orodha ya oda zako na ujumbe wa uthibitisho. Malipo na kidakuzi ni vitu viwili tofauti, na kupotea kwa kimoja hakufuti kingine.

Ndugu yake ni hii: unabofya kiungo kwenye barua pepe, tovuti inakuonyesha hujaingia, lakini ukibofya kiungo chochote cha ndani unajikuta umo. Hiyo ni SameSite=Strict, ambayo humkatalia kidakuzi mtu anayetokea tovuti nyingine. Ni tahadhari ya kiusalama. Vumilia.

Kwenye simu uko ndani, kwenye simu hiyo hiyo uko nje

Ukigusa kiungo ndani ya programu ya mitandao ya kijamii, mara nyingi kinafunguka ndani ya programu hiyo, kwenye kivinjari chake kidogo chenye vidakuzi vyake. Uliingia kwenye Chrome. Humo hujawahi kuingia. Tafuta nukta tatu pembeni uchague kufungua kwenye kivinjari cha kawaida. Wasifu mbili za Chrome, au makasha ya Firefox (vichupo vinavyotenganishiwa vidakuzi), huleta hali hiyo hiyo kwenye kompyuta. Na usitarajie kusawazisha akaunti kukuhamishie vidakuzi kwenda kifaa kipya: alamisho na manenosiri huja, vidakuzi haviji.

Bango la vidakuzi halikomi

Jibu lako, hata la kukataa, huhifadhiwa kwenye kidakuzi. Ukifuta vyote kila jioni, asubuhi utaulizwa upya. Weka tovuti unazozitumia sana kwenye orodha ya zisizofutwa.

Kufuta bila kujikata mkono

Futa vya tovuti moja. Chrome: alama iliyo kushoto kwa anwani, vidakuzi na data ya tovuti, kisha dhibiti data. Firefox: about:preferences#privacy, dhibiti data, andika jina la tovuti. Safari ya Mac: mipangilio, faragha, dhibiti data ya tovuti. Kisha funga vichupo vyote vya tovuti hiyo kabla ya kujaribu tena, maana kichupo kilichobaki wazi kinaweza kuandika upya kile ulichokiondoa.

Watu huchanganya vidakuzi na akiba. Akiba ni picha na faili zilizohifadhiwa ili ukurasa ufunguke haraka. Ukurasa ukionekana umepangika ovyo, futa akiba na uache vidakuzi. Manenosiri yaliyohifadhiwa yana sehemu yake na hayaguswi, ila hakikisha hujaweka tiki kwenye kisanduku chake. Na kwenye kompyuta ya kuazima, kufuta kidakuzi hakutoshi: kwenye seva kipindi chako bado kiko hai. Bofya kitufe cha kutoka.

Ukiona kosa ni la tovuti

Waandikie jina na toleo la kivinjari, saa ilipotokea, anwani kamili ya ukurasa, na kama dirisha la faragha lilileta matokeo tofauti. Wakikuomba faili ya HAR, ambayo ni rekodi ya kila kilichopita kati yako na seva, fahamu kwamba inaweza kubeba vidakuzi vyako vya kipindi, na mwenye hivyo anaingia kwenye akaunti yako bila nenosiri. Mwaka 2023 wavamizi waliingia kwenye mfumo wa huduma kwa wateja wa kampuni ya Okta wakachukua faili za namna hiyo zilizotumwa na wateja, wakatumia vidakuzi vilivyokuwamo. Chrome za karibuni huondoa data nyeti zinapohifadhi HAR, lakini vivinjari havifanani. Rekodi tukio, bofya kitufe cha kutoka kwenye akaunti, kisha ndipo utume faili. Vidakuzi vilivyomo vitakuwa vimeshakufa kwenye seva.